Majaketi Mawili ya Devotha

Devotha alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za ufukweni, akishona ukingo wa tanga lililochanika, Rahel aliposema neno lililomfanya ajichome kidole.

"Mwaka huu majaketi okozi yote yataingia majini," alisema Rahel. "Siyo kuyaangalia kwa macho halafu tunasema mazima. Kila moja tunalifungia mfuko wa kokoto, tunaliacha bwawani saa nzima. Likielea, limepita. Likizama, halirudi stoo."

Wanachama waliokuwa wakipiga msasa mashua waliitikia bila kuinua vichwa. Ilikuwa wiki ya tatu ya Mei. Masika yalikuwa yanakata, wingu limebaki juu milimani tu, na Klabu ya Mashua ya Lukwele ilikuwa na siku chache za kufyeka majani, kuziba nyufa na kubadili kamba kabla ya kufungua msimu. Rahel, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa katibu. Hakupenda kubahatisha.

"Yako mangapi, mwalimu?" Devotha aliuliza. Sauti yake ilitoka tulivu mpaka ikamshangaza mwenyewe.

"Ishirini na sita. Tutayapima Jumamosi ijayo."

"Basi nipe niyafue kwanza. Yamekaa stoo miezi mitatu, yananuka popo."

Rahel akacheka. "Mama Turubai, bila wewe klabu hii ingeshakufa zamani."

Devotha aliinama akaendelea kushona, damu ikiacha alama ndogo kwenye kitambaa cheupe.

Jina la Mama Turubai alilipata kiwandani. Alitoka Mbinga akiwa msichana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha turubai Morogoro, akashona mahema na vifuniko vya malori miaka kumi na saba, mpaka watu walipopunguzwa na yeye akiwamo. Alihamia Kihonda, akafungua kibanda cha ushonaji, na sifa yake ikamfuata: mshono wa Devotha haufumuki. Alois, mpimaji wa maji mstaafu, alipopata wazo la kuanzisha klabu ya mashua kwenye bwawa la zamani la shamba la mkonge, watu walimcheka, wakamuuliza bahari ameiona wapi. Yeye akaenda Dar, akarudi na mashua saba ndogo za faiba ambazo shule moja ilikuwa inazitupa, zimetoboka na hazina matanga. Alois akaziba matobo. Matanga yote saba akashona Devotha. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa Alois, lakini kila mwanachama alijua kwamba upepo unaowasukuma unashikwa na kitambaa cha Mama Turubai. Naye alijua kwamba wanajua, na alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ndiyo maana mwaka uliopita, walipomletea majaketi mawili yaliyotafunwa na panya, hakusema kwamba hawezi. Ndani ya jaketi okozi mna sponji gumu lisiloingiza maji. Alilitafuta mjini siku mbili, hakulipata. Siku ya kufungua msimu ilikuwa keshokutwa, na yeye alikuwa ameshatamka, "Alhamisi yatakuwa tayari." Nyumbani kulikuwa na godoro kuukuu. Akakata vipande, akavifunga kwenye mifuko ya nailoni ili maji yasipite, akavitia ndani, akashona. Alijaribu jaketi moja kwenye beseni la kufulia. Lilielea. Akajiambia, unaona? Hakumwambia mtu yeyote.

Msimu ulikwenda vizuri hadi Septemba. Siku moja upepo ulishuka ghafla kutoka mlimani, ukapindua mashua ya Hashimu, dereva wa bajaji wa miaka thelathini na nne, mtu mpole, aliyejiunga na klabu kwa sababu alichoka kukaa kijiweni kila Jumapili akisikiliza mabishano ya mpira. Hashimu alikuwa amevaa jaketi namba kumi na nne. Alizama, akaibuka, akazama tena. Alois alimfikia na mashua nyingine, akamvuta kwa ukosi kama anayetoa mzigo kisimani.

Walipomlaza ufukweni, alitapika maji, kisha akasema, "Jaketi limenivuta chini. Wallahi, lilikuwa linanizamisha."

Watu walitazamana. Jaketi kuelea ndiyo kazi yake, litamzamishaje mtu? Devotha alikuwa amesimama karibu kuliko wote. Aliliona jaketi linavyochuruzika maji kupitia kwenye mshono wake, yakitoka na kutoka bila kwisha. Palepale alijua. Na kabla mtu mwingine hajainama kuligusa, alifungua mdomo.

"Hashimu, baba, jaketi limejitahidi. Nanga ni wewe mwenyewe!"

Watu wakapasuka kwa kicheko, hasa kwa sababu walikuwa wameogopa na sasa mtu yu hai. Hashimu alijaribu kucheka nao, akashindwa. Kufika Jumatatu jina lilishafika kijiweni Kihonda. "Nanga, nipeleke Mazimbu." "Nanga, leo usitupindue." Hakurudi tena klabuni. Devotha alilitundika jaketi namba kumi na nne kwenye msumari wa juu kabisa stoo, na la pili akaliweka nyuma yake. Alijiambia kwamba mtu mwenyewe hakufa. Alijiambia hivyo mara nyingi sana.

Sasa alikuwa nayo yote mawili barazani kwake, mkasi mkononi. Alipofumua namba kumi na nne, harufu ya tope ilimjia usoni. Sponji lilikuwa la kahawia, katikati bado lina unyevu, miezi minane baadaye. Alitoa mfuko wa nailoni akauinua kwenye mwanga wa jua. Ulikuwa na matundu madogo kuzunguka ukingo wote. Sindano yake ndiyo iliyoutoboa. Matundu yalikuwa yamepangwa sawasawa, mstari umenyooka, mshono mzuri usio na kasoro. Kwenye beseni hakulikalisha kitambo cha kutosha. Bwawani maji yalipata muda wa kuingia.

Safari hii alikuwa na kitu sahihi. Sokoni kwenye mitumba alikuwa ameona mikeka ya mazoezi, ile migumu ambayo hata ukiikamua hainywi maji. Akaenda akachukua miwili, akaikata, akajaza, akashona kwa uangalifu, sindano ikipita pembeni. Sponji bovu alilitia kwenye mfuko na kulisukuma chini ya kitanda. Ijumaa majaketi yote ishirini na sita yalikuwa yamefuliwa na kukunjwa, na yeye akalala kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi walifunga kokoto, wakayasukuma majini mstari mmoja kando ya gati la mbao. Rahel alisimama na saa yake. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Moja lilikataliwa kwa sababu kifungo chake kilikatika, lakini hakuna lililozama. Watu wakapiga makofi, na Alois akaingia majini hadi magotini, akainua jaketi moja juu.

"Namba kumi na nne hii hapa!" alisema kwa furaha. "Ndilo la Nanga! Saa nzima na kokoto, na bado linaelea kama bata. Si nilisema? Yule bwana alichanganyikiwa tu, akatusingizia. Hebu nipigeni picha, tumtumie."

Mtu akapiga picha. Filomena, mama muuza mboga aliyekuwa amesimama pembeni, akamshika Devotha bega. "Na mshonaji naye aingie kwenye picha jamani!" Wakamsukuma mbele, sketi imelowa, wakampa upande mmoja wa jaketi ashike. Devotha alitabasamu. Baadaye, kati ya yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililomchoma zaidi: hakuna aliyemlazimisha, na alitabasamu.

Mchana aliiona picha kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Chini yake vikaragosi vya kucheka vilipangana, na Alois alikuwa ameandika, "Nanga, rudi, jaketi limekusamehe." Devotha alikuwa bado ameshika simu, maneno mengine yakatokea, madogo, ya kijivu: Hashimu ametoka kwenye kundi.

Kumbe mpaka dakika ile alikuwa hajatoka. Miezi minane yote alikuwa humo, akisoma tarehe za kufyeka majani na za kupaka rangi, asiseme neno. Devotha aliketi kitandani. Alikuwa ameficha kosa lake, na katika kulificha alikuwa amelitengeneza likawa ushahidi dhidi ya mtu aliyesema kweli.

Jumapili kanisani hakusimama kwenda kupokea komunyo. Alifikiria kwenda kuungama, akaona hata hilo lingekuwa njia ya kukwepa. Padri angemwombea msamaha, angempa sala za malipizi, na siri ingebaki palepale, huku picha ikitembea kwenye simu za watu. Hashimu asingesikia kitu.

Jumatatu asubuhi alichukua mfuko kutoka chini ya kitanda, akaenda kijiweni. Hashimu alikuwa kwenye foleni, anafuta kioo cha bajaji yake. Alimwona, akaendelea kufuta.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu lazima aseme.

"Marahaba, mwanangu. Nina maneno na wewe."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi mahali."

"Mimi niko kazini, mama."

Madereva wengine walikuwa wanatazama, mmoja ameshaanza kutabasamu. Devotha alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamtoka. Akafungua mfuko, akatoa lile pande la sponji la kahawia, akaliweka kwenye kiti cha abiria.

"Hiki ndicho kilichokuwa ndani ya jaketi lako," alisema. "Nilikitia mimi. Sponji la godoro. Lilikuvuta kweli, Hashimu. Juzi kabla ya kupima nilibadilisha. Ile picha ni ya uongo."

Hashimu aliliokota, akalibonyeza kwa kidole gumba. Lilibonyea kama mkate uliolowa. Yule dereva aliyekuwa anatabasamu akageuza uso.

"Ulijua?" Hashimu aliuliza. Hakuinua sauti.

"Sikujua litazama. Ulipotoka majini, nikajua."

"Na ukaniita Nanga."

Hashimu alikaa kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, akitazama mbele. Kisha akasema polepole, "Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu jaketi lilizama. Akaniambia, Hashimu, Mama Turubai ashone kitu kibovu? Sema tu kwamba uliogopa, si aibu. Nikanyamaza. Mpaka leo, nikisema kitu ndani ya nyumba yangu, ananitazama hivi, kama anapima." Akawasha bajaji. "Panda."

"Twende wapi?"

"Utamwambia wewe."

Raya, mke wa Hashimu, alikuwa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo. Alimkaribisha mgeni kwa adabu, akavuta kigoda, akataka kwenda kuteleka chai. Hashimu akamwambia akae kwanza. Kisha akasimama mlangoni, akamwacha Devotha aseme.

Devotha alisema yote, na safari hii hakuacha kitu: panya, godoro, beseni, maji yaliyochuruzika, jina, mikeka ya mazoezi, tabasamu kwenye picha. Alizungumza akitazama mikono yake. Raya hakumkatiza. Mchele ulibaki kwenye ungo, nusu umechambuliwa, nusu bado.

"Jina ulimpa wewe?" Raya aliuliza mwisho.

"Nilimpa mimi."

"Ili tusiliangalie jaketi."

"Ndiyo."

"Mama," Raya alisema, "mimi nilimcheka mume wangu kwa kukuamini wewe. Nilimcheka mbele ya mama yangu mzazi." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Devotha angependelea aubamize.

Aligeuka kumtazama Hashimu. "Nisamehe, mwanangu."

"Sijafika huko," Hashimu alisema. "Kawaambie wenzako."

Hakumrudisha. Devotha alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, jua likiwa kali, mfuko mkononi. Njiani watu watatu walimwamkia kwa jina la Mama Turubai, na kila mara alijisikia kama anayejibu salamu ya mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kupaka namba kwenye mashua, ya mwisho kabla ya kufungua msimu. Wanachama kama ishirini walifika. Devotha aliwaomba waache brashi kidogo. Aliweka ndoo ya maji katikati, akatumbukiza sponji, akangoja. Lilielea, watu wakatazamana wakijiuliza anawaonyesha nini. Kisha likaanza kulala ubavu, likateremka polepole, likakaa chini ya ndoo.

"Hashimu hakusingizia mtu," alisema. Akaeleza.

Alois, aliyekuwa amekaa juu ya mashua iliyofunikwa, alivua kofia yake, akaishika magotini, akaitazama kama hajawahi kuiona. Rahel ndiye aliyeuliza.

"Umesema yalikuwa mawili. La pili lilikuwa namba ngapi?"

"Ishirini na moja."

Rahel aliweka chini kopo la rangi. "Ishirini na moja nililivaa mimi," alisema. "Siku ya mashindano ya Oktoba majaketi hayakutosha, nikalishusha msumarini. Nilikwenda mpaka katikati ya bwawa na kurudi. Mimi sijui kuogelea, Mama Devotha. Nilikuwa naliamini jaketi."

Habari hiyo Devotha hakuwa nayo. Miezi yote alikuwa amejilaumu kwa ajili ya mtu mmoja, kumbe wa pili alikuwa anakaa naye benchi moja, anamsifu.

"Nitarudisha funguo za stoo," alisema. "Sitakuja tena kuwasumbua."

"Hapana," Rahel alisema, na hakukuwa na upole ndani yake. "Ukiondoka, nani atashona? Utakaa. Majaketi yote ishirini na tano yaliyopita yanafumuliwa leo, tuone kila moja lina nini ndani. Utashona wewe, na Filomena atakaa pembeni yako, ataangalia, ataweka sahihi yake. Kuanzia leo hushoni kitu cha klabu peke yako."

Kwa hiyo Devotha alikaa kwenye benchi, akafumua jaketi moja baada ya jingine mbele ya watu wote. Filomena, ambaye maisha yake yote alikuwa amefunga mafungu ya mchicha na hajui bobini ya cherehani ni nini, aliinama juu ya bega lake kila baada ya mshono, akiuliza, "Hapo umepitisha wapi?" Aliuliza kwa unyonge, maana naye aliona haya kumkagua mtu aliyemzidi umri. Devotha alimjibu kila swali. Majaketi mengine yote yalikuwa mazima. Hilo halikumfariji.

Alois aliifuta picha, akaandika kwenye kundi maneno mafupi ya kumwomba Hashimu radhi, kisha akakumbuka kwamba Hashimu hayumo humo. Ikabidi aende kijiweni mwenyewe. Waliomuuliza, aliwajibu kwamba ameongea na mtu, na mtu amesikiliza.

Siku ya kufungua msimu ilikwenda bila Hashimu. Mashua saba ziliteremshwa, matanga yakajaa, watu wakapika pilau ufukweni. Devotha alikula kidogo, amekaa na akina mama wa jikoni, ambao walikuwa wema kwake kwa namna ya watu wanaokuwa wema kwa mgonjwa. Wengine waliacha kumwita Mama Turubai. Hakuna aliyewaambia waache, na yeye hakuuliza kwa nini.

Hashimu alikuja Julai, Jumapili moja ya baridi, pamoja na Raya. Hakusalimia kundi zima. Alimpa Alois mkono, akaenda moja kwa moja kwenye kamba yalipoanikwa majaketi, akayabonyeza moja moja kwa vidole vyake vyote kumi, taratibu, kama mtu anayechagua maparachichi. Akachukua moja, akalivaa, akafunga vifungo, akaingia majini na nguo zake. Maji yalipofika kifuani alijilaza chali. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yamefumbwa, mawimbi madogo yakimpandisha na kumshusha. Hakuna aliyecheka. Raya alikuwa amesimama kwenye gati, kanga ameikusanya mikononi, hambandui macho.

Devotha aliyaona hayo kutoka dirisha la stoo. Alikuwa ndani anahesabu kamba na Filomena. Raya alipopita mlangoni kutafuta taulo, alimwona.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Devotha alijibu, akampa taulo. Raya alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima anayopewa mzee yeyote, akaondoka.

Nje, Hashimu alikuwa anamuuliza Alois kama mashua namba tatu ina mtu. Haikuwa na mtu. Wakaisukuma, Raya naye akapandishwa, jaketi limemfika masikioni, upepo wa mlimani ukaingia kwenye tanga, wakaenda. Wanachama walijitokeza ufukweni kuwatazama, wakawapungia mikono.

"Njoo uone, mama," Filomena alimwita. "Wanakwenda vizuri."

"Nawaona," Devotha alisema. Alibaki palepale nyuma ya dirisha mpaka mashua ilipopita kona ya matete, kwa sababu hakujua, kama Hashimu angegeuka, yeye angemtazama kwa uso gani.